Kuchagua ubobezi katika fizikia na hisabati tumizi: itazame kazi kabla ya jina lake

Mwanafunzi wa fizikia tumizi au hisabati tumizi hufika mahali ambapo chuo kinamtaka aseme anaelekea wapi: jiofizikia, fizikia ya tiba, elektroniki, nishati ya jua, sayansi ya hali ya hewa, au, kwa wale wa hisabati, takwimu, hisabati ya fedha na modeli za magonjwa. Wengi huamua kwa kuvutiwa na jina, kwa kusikia habari za mishahara, au kwa kufuata mkumbo wa wenzao wa bwenini. Nimezungumza na wadogo zangu wengi walio vyuoni kuhusu uamuzi huu, na rai yangu imekuwa moja: chagua kwa kuitazama siku ya kawaida ya kazi hiyo, yaani kifaa utakachokaa nacho, aina ya data itakayopita mikononi mwako, na kosa ambalo wewe ndiye utakayeulizwa likitokea.

Nasema hivyo kwa sababu hisabati yenyewe haitofautiani sana kutoka eneo moja hadi jingine. Mlinganyo unaoeleza jinsi chanzo cha mionzi kinavyofifia ndio huo huo unaoeleza kapasita inavyopoteza chaji, na ndio unaotumika kukadiria kasi ya dawa nyingi kupungua katika damu. Mlinganyo wa usambaaji wa joto, ambao wanafunzi huufanyia mazoezi kwenye fito za chuma, hutumika pia kwenye miamba ya moto na kwenye uchafu unaoenea majini. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba ukichagua mlango mmoja milango mingine yote inafungwa haina msingi mkubwa katika shahada ya kwanza. Kinachobadilika ni maisha ya kila siku ya mtu anayeitumia milinganyo hiyo.

Eneo ninaloweza kulieleza kwa karibu ni fizikia ya tiba, kwa kuwa ndilo nililolichagua mwenyewe. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ilitegemea kwa miaka mingi mashine za kobalti-60, yaani metali inayotoa mionzi yenyewe, kabla ya kuongeza mashine za kisasa zinazozalisha mionzi kwa umeme. Kobalti-60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5.27, sawa na takriban asilimia 1.1 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba mgonjwa ambaye angelala chini ya mashine kwa dakika mbili chanzo kikiwa kipya, atahitaji takriban dakika nne miaka mitano na ushei baadaye ili apate dozi ile ile. Lazima awepo mtu wa kurekebisha hesabu hiyo, kuithibitisha kwa kipimo na kuitilia saini, na mtu huyo ni mwanafizikia.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa chemba ndogo ya ayoni, yaani kikopo cha hewa kinachopima chaji ambayo mionzi huizalisha katika hewa hiyo, kinachowekwa ndani ya tangi la maji, kwa sababu maji huitikia mionzi karibu sawa na mwili wa binadamu. Chemba hizi kwa kawaida ziko wazi kwa hewa ya chumba, na hapo ndipo somo la gesi la sekondari linaporudi kwa uzito wake wote. Chumba kikiwa na nyuzijoto 30 badala ya 20, hewa iliyomo ndani ya chemba hupungua na usomaji hushuka kwa takriban asilimia 3.3. Mwanza, ambako Hospitali ya Bugando nayo hutoa tiba ya mionzi, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni mdogo kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam. Anayesahau kusahihisha usomaji kwa ajili ya joto na mgandamizo huo ataamini kwamba mashine inatoa mionzi michache kuliko inavyotoa, ataongeza muda, na mgonjwa atapewa dozi iliyozidi. Umbali nao una hesabu yake: mgonjwa akilazwa sentimita 81 kutoka kwenye chanzo badala ya 80, dozi hupungua kwa asilimia 2.5, kwa sababu ya kanuni ya kinyume cha mraba wa umbali.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu ili uone kwamba ndani yake hakuna fizikia ngeni. Ni kanuni unazozijua tayari, zinazorudiwa asubuhi baada ya asubuhi, zikiandikwa kwenye daftari ambalo mtu mwingine atalikagua. Mwanafunzi anayechoshwa na kurudia kipimo, hata awe na akili kiasi gani, atateseka katika eneo hili. Anayepata utulivu moyoni namba mbili zilizopatikana kwa njia tofauti zinapokubaliana, atajiona yuko nyumbani.

Jiofizikia humtaka mtu wa tabia nyingine. Mtafuta maji ya kisima hupigilia elektrodi nne, yaani vijiti vya chuma, ardhini katika mstari, hupitisha mkondo wa umeme kati ya mbili za nje na kupima volti kati ya zile za ndani, kisha hutanua mstari hatua kwa hatua ili mkondo ufike chini zaidi. Akirudi na jedwali lake anakutana na ugumu wa kweli wa fani hii, kwamba picha kadhaa tofauti za ardhi zinaweza kutoa vipimo vile vile. Pwani, mchanga uliojaa maji ya chumvi na udongo wa mfinyanzi vyote viwili hupitisha umeme kwa urahisi, na jedwali peke yake halitamwambia ni kipi kilicho chini. Atauliza wenyeji kuhusu visima vya jirani, atasoma ramani ya miamba, kisha atachagua mahali ambapo mwenye shamba atalipia uchimbaji. Hata katika jotoardhi ya Olkaria, karibu na Naivasha, ambako Kenya imezalisha umeme tangu 1981, vipimo vya ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyouzuia umeme, husaidia kutambua tabaka la udongo uliobadilishwa na joto juu ya miamba yenye mvuke. Ukweli wote hujulikana baada ya kuchimba. Anayehitaji jibu moja lililo sahihi kabla ya kulala asiende huko.

Kwa watu wa hisabati, nitataja malaria tu. Daktari Mwingereza Ronald Ross, baada ya kuonyesha mwaka 1897 kwamba mbu hubeba vimelea, aliandika pia milinganyo ya maambukizi, na katika miaka ya 1950 mtaalamu wa malaria George Macdonald akaiendeleza kwa kusisitiza muda anaoishi mbu aliyekomaa. Hesabu yake unaweza kuifanya sasa hivi. Tuseme vimelea huhitaji siku 10 kukomaa ndani ya mbu. Uwezekano wa mbu kuishi siku moja ukiwa 0.9, mbu watakaozifikia siku hizo 10 ni takriban asilimia 35. Ukishuka hadi 0.8, ni kama asilimia 11 tu. Punguzo dogo kwa siku linaondoa zaidi ya theluthi mbili ya mbu wa hatari, na hii ni sababu mojawapo ya chandarua chenye dawa kuwa na nguvu kuliko chandarua kitupu. Hesabu hiyo inapendeza sana, lakini wanaofanya kazi hizi hutumia sehemu kubwa ya muda kusafisha data zilizokusanywa na watu wengine na kubishana na wanabiolojia kuhusu maana yake. Kama mazungumzo hayo hayakuvutii, mlinganyo mzuri hautatosha.

Kuhusu ajira nitasema machache. Vituo vya tiba ya mionzi katika Afrika Mashariki ni vichache, kwa hiyo nafasi za wanafizikia tiba ni chache pia, na kazi hiyo hudai shahada ya uzamili pamoja na mafunzo ya hospitalini. Familia inayokusubiri uanze kuisaidia inastahili kulijua hilo mapema. Elektroniki na nishati ya jua zina uwanja mpana zaidi wa kujiajiri. Na eneo lolote utakalochagua, usiyaache masomo ya takwimu, mbinu za kukokotoa kwa namba na uandishi wa programu, kwa sababu ndiyo yatakayokuwezesha kuhama ikibidi.

Kabla ya kujaza fomu, tumia kipindi cha mafunzo kwa vitendo kwenda mahali unapofikiria kufanya kazi. Andika barua mapema, kwa kuwa idara nyingi hupokea wanafunzi wachache. Ukifika, omba kuonyeshwa daftari la vipimo la wiki iliyopita, muulize mwenyeji wako ni kazi gani iliyomchukulia muda mrefu kuliko zote, na uombe kuirudia mwenyewe hesabu mojawapo, kuanzia vipimo ghafi hadi jibu.