Shingo yangu

"Wifi, huku nyuma husugui? Mbona pamekuwa peusi hivi?"

Tulikuwa uani kwa mama mkwe, Makorora, Tanga, tunakuna nazi za shughuli ya Salim. Mtandio ulikuwa umeteleza, akapitisha kidole shingoni mwangu kabisa. Nikamjibu, "Jua hilo, wifi." Akasema, "Jua gani la kukuunguza chini ya mtandio?" Waliokuwa kwenye masufuria wakacheka, nami nikacheka nao.

Harusi imepita salama, bibi harusi kapokewa, ofisini bosi mpya kaanza kazi. Mimi bado niko juu ya ile mbuzi ya nazi. Jua gani? Naoga asubuhi na jioni, nasugua kwa dodoki mpaka ngozi inawaka, halafu naitwa mchafu mbele za watu! Na ile sauti, kama ya mtu aliyekuta ukoko kwenye sufuria lililokwisha oshwa.

Usiku nikajipapasa. Uchafu hauwi hivi. Ngozi imekuwa nene kidogo, na makwapani iko hivyohivyo. Nikaanza kuunganisha: vindevu vya kidevuni ninavyong'oa kwa kibano, chunusi za kwenye taya, na siku zangu, ambazo tangu niache dawa za majira, za kuzuia mimba, baada ya Idi kubwa zimekuja kidogo tu, zikapotea. Mama anasema dawa haijanitoka mwilini. Lakini mimi nilikuwa natumia vidonge. Sindano ndiyo inayoweza kuchelewesha kwa miezi mingi. Kwa vidonge, ikipita miezi 3 kimya na mimba hakuna, kamwone daktari.

Nikaenda. Daktari, dada wa watu, kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kabla ya majira, siku zako zilikuwaje?" Hapo nikakumbuka bweni, miezi inaruka, matroni anasema ni mawazo ya mtihani. Kumbe vidonge havikuleta kitu. Vilifunika tu: damu inakuja kwa ratiba ya pakiti, homoni za kiume zinashushwa, chunusi zinatulia.

Huenda ni PCOS, ile hali ya homoni kuvurugika na ovari kutopevusha mayai vizuri, kasema, ila hathibitishi kwa macho. Huangaliwa mambo matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi kwenye altrasaundi. Yakiwepo mawili, na tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa, zikiwa sawa, ndiyo hiyo. Shingo nayo mara nyingi ni mwili kushindwa kuitumia vizuri insulini, homoni inayosawazisha sukari, kwa hiyo napimwa na sukari. Nikauliza la mtoto, maana ndilo lililotufanya tuache. Akasema wengi hupata, wengine kwa kusaidiwa na dawa za kupevusha mayai.

Nimetoka pale mwepesi, sijui niseme nini. Kuambiwa huenda unaumwa, ukafurahi! Lakini nimefurahi. Wifi nitamwambia mwenyewe, tena kwa upole, maana binti yake mkubwa naye ana shingo kama yangu.

Majibu ni wiki ijayo. Ila jioni hii mwenye nyumba kaja na mtu wa futi, wamepima uwanja mpaka nyuma ya choo. Jirani, Baba Zawadi, anasema ni ukuta tu unajengwa. Mbona basi mwenye nyumba kaniuliza mkataba wetu unaisha lini?