Tabora hadi Kigoma, na swali la baba mdogo

Basi liliondoka Tabora alfajiri. Nilikaa na baba mdogo, aliyekuwa anarudi kwake Ujiji baada ya matibabu ya kiharusi, mkono wa kulia bado mzito. Urambo, nchi ya tumbaku, tuliipita haraka. Baada ya Kaliua akauliza jambo lililomsumbua tangu picha ya mishipa ya shingo ionyeshe lehemu, yaani kolesteroli, imeganda pale mshipa unapogawanyika.

"Mwanangu, lehemu si inazunguka na damu mwili mzima? Mbona imekaa hapa tu, kwenye njia panda?"

Ni swali zito. Nilisubiri tufike daraja la Malagarasi, nikamwonyesha mto: unapopinda, mchanga hulala upande ambao maji yanakwenda taratibu. Ateri ya shingo, mshipa unaopeleka damu kichwani, inapogawanyika, ukuta unaotenganisha matawi mawili hupata mkondo wa kasi. Ukuta ulio mkabala nao hubaki na damu legevu, inayokwenda na kurudi, na ndiko ugonjwa unakoanzia.

Ila mto haujui kinachoupitia; ateri inajua. Seli zilizotanda ndani yake huhisi damu inavyozisugua. Msuguano ukiwa wa kutosha na wa upande mmoja, tuseme paskali 1 hadi 7 (paskali ni kipimo cha nguvu juu ya eneo), seli hujipanga kufuata mkondo na kutoa gesi ya nitriki oksaidi inayolegeza mshipa. Ukipungua na kuyumbayumba, ukuta huanza kuvuja, lehemu hupenya, chembe nyeupe za damu huifuata humo, na ukoko huanza kujengeka. Mwaka 1968 mtafiti Fry alionyesha kwamba msuguano mkali huchubua ukuta, wengi wakaona ndiyo sababu ya ugonjwa. Mwaka uliofuata Caro na wenzake wakasema kinyume, kwamba ugonjwa hupenda msuguano mdogo, na ushahidi mwingi umewaunga mkono. Sigara, presha na kisukari hudhuru mishipa yote. Mkondo ndio unaochagua mahali.

"Basi mbona sikuhisi kitu?"

Nikamweleza alichoonyesha mtafiti Glagov mwaka 1987 kwenye ateri za moyo: ukoko unapokua, ateri hutanuka kwa nje, na njia ya damu haianzi kubana mpaka ukoko uchukue kama asilimia 40 ya eneo la ndani ya mshipa. Ukimya huo unaniuma sana, kwa sababu mtu hulima, huvua, hucheka, huku mshipa ukiharibika.

Tulipokaribia Kigoma alimpigia simu mdogo wake: kesho asubuhi, kabla ya jambo lolote, aende akapimwe presha.