Siku moja Guangzhou: kuusoma mji kwa milango na mapaa yake

Wengi wanaofika Guangzhou kutoka Kariakoo, Eastleigh au Kampala wanaujua mji kwa njia za mzigo tu: Xiaobei kwa kulala na kula, Sanyuanli kwa mikoba ya ngozi, Yide Lu (Lu ni barabara) kwa vitu vya watoto na mapambo, kisha ghala la wakala na uwanja wa ndege. Siku ya kusubiri kiwanda kimalize oda huishia kitandani na simu mkononi. Ni hasara kubwa. Laini namba 1 ya metro inapita katikati ya mji mkongwe, na vituo vinne vinavyofuatana, Huangsha, Changshou Lu, Chenjiaci na Ximenkou, vinatosha kumshughulisha mtu asubuhi hadi alasiri. Jioni unahamia kwenye minara mipya.

Kabla hujatoka hotelini, shika jambo moja: nyumba za huku zimejengwa kwa hofu ya mvua na joto. Tropiki ya Kansa inapita kaskazini kidogo tu ya mji. Mvua kubwa ni Aprili hadi Septemba, vimbunga huja zaidi Julai hadi Septemba, na mwanzoni mwa masika yao, mnamo Machi, kuna siku za unyevu ambazo kuta na sakafu hutoka jasho. Ukikumbuka hilo, karibu kila utakachokiona ukutani utakijua kimewekwa kwa nini.

Anzia Changshou Lu, uingie mitaa ya Shangxiajiu na Enning Lu. Hapa kuna majengo yanayoitwa qilou. Ghorofa ya juu imesogezwa mbele hadi ukingo wa barabara na kubebwa na nguzo, kwa hiyo njia ya waendao kwa miguu inapita chini ya nyumba yenyewe. Duka liko ndani, mnunuzi yuko kwenye baraza, mvua iko nje. Kuta za mji zilianza kubomolewa mwaka 1918, barabara pana zikakatwa, na mtindo huu ukaenea kando yake miaka ya 1920 na 1930. Kosa la wageni ni kutazama pale macho yalipo, ambapo mabango ya maduka yamefunika kila kitu. Vuka barabara, simama upande wa pili, inua uso hadi ghorofa ya pili na ya tatu. Huko juu ndiko kuna nguzo za mtindo wa Kirumi, madirisha ya vioo vya rangi na tarehe zilizochongwa kwenye lipu.

Kisha ingia vichochoroni utafute mlango. Nyumba za matajiri wa zamani wa upande huu wa magharibi, Xiguan, zina mlango wa tabaka tatu, na ni kazi ya akili kuliko mapambo yote ya mji huu. Tabaka la nje ni mbao nyepesi za kukunja zinazofika kifuani au juu kidogo, za kuzuia macho ya wapita njia. La ndani kabisa ni mlango mzito wa mbao ngumu wenye komeo, wa kufungwa usiku. Katikati kuna tanglong: fito nene za mviringo zilizolazwa kama ngazi ndani ya fremu, na fremu nzima husukumwa pembeni na kupotelea ukutani. Mchana mlango mzito unaachwa wazi na tanglong inafungwa. Upepo unapita, mwanga unapita, mama wa nyumba anamwona anayebisha hodi, mwizi hapiti. Hesabu fito: huwa witiri, mara nyingi 13 au 15.

Mlango huu haufanyi kazi peke yake. Pembeni ya nyumba kubwa kuna kichochoro chembamba chenye kuta ndefu pande zote mbili, ambacho jua halikifikii isipokuwa kwa muda mfupi adhuhuri. Hewa ndani yake hubaki ya ubaridi. Ndani ya nyumba kuna uwazi mdogo wa paa, hewa ya moto inapanda na kutokea hapo, na nafasi yake inachukuliwa na hewa baridi ya kichochoroni. Nyumba inapumua bila feni. Siku hizi mashine za viyoyozi zimetundikwa kwenye vichochoro vingi na kumwaga joto humohumo. Basi ile njia ya baridi imegeuka tanuri. Simama ndani ya kimoja chenye mashine na kimoja kisicho nazo, utaihisi tofauti kwenye ngozi.

Eneo la Yongqing Fang, pembeni ya Enning Lu, lilifunguliwa upya mwaka 2016 baada ya ukarabati, na ndilo wageni hupelekwa. Linapendeza, vyoo ni safi, nyumba ya ukoo wa Bruce Lee ipo. Lakini litazame kwa makini. Nyumba nyingi zimebakiziwa uso wa matofali ya kijivu, na ndani ni chuma na zege jipya lenye mikahawa. Tanglong nyingine zimepigiliwa, hazisogei. Chungulia mfereji wa chini: wa kweli umelika kwa miaka ya kusukumwa, na fito zimeng'aa pale mikono inaposhika. Nina heshima kwa waliouokoa mtaa huu usivunjwe wote, maana mwaka 2007 mpango ulikuwa kubomoa, na nyumba nyingi za jirani zilikwenda. Ila mtaa ambao wakazi wameondoka na milango haifunguki umepoteza kitu ambacho rangi mpya hairudishi. Tembea dakika kumi zaidi kwenye vichochoro visivyo na tiketi wala vibao, ambako nguo zimeanikwa na wazee wanacheza karata. Piga picha za kuta, si za watu walio barazani kwao, mpaka wakubali.

Kituo kinachofuata, Chenjiaci, kinatokea mlangoni pa jumba la ukoo wa Chen, lililojengwa miaka ya mwanzo ya 1890 kwa michango ya familia za Chen kutoka pande zote za jimbo la Guangdong. Vijana wao walifikia hapo walipokuja mjini kwa mitihani ya serikali. Leo ni makumbusho ya sanaa za mikono. Lina kumbi 9 na nyua 6, na kiingilio ni kama yuani 10. Nenda na pasipoti.

Usikimbilie ndani. Tazama paa kwanza. Kwenye mgongo wa paa la ukumbi wa kati kuna safu ya sanamu za udongo wa kuchoma kutoka Shiwan, karibu na Foshan: watu, majumba, wanyama, urefu wa mita 27. Chini yake kuna mapambo mengine ambayo hayakuchomwa kabisa. Hayo ni chokaa. Fundi huchanganya chokaa na nyasi zilizooza kwa tabaka la ndani, na chokaa na karatasi iliyolowekwa kwa tabaka la juu, akaongeza sukari guru na unga wa mchele wa kunata ili ishike. Huufunika mchanganyiko kwa siku nyingi uive, kisha hupanda juu ya paa na kufinyanga palepale, juu ya mifupa ya waya na vigae. Akipaka tabaka nene kwa haraka, la nje hukauka kabla ya la ndani na hupasuka. Maji ya mvua yakiingia kwenye ufa, waya hushika kutu, huvimba na kubandua kipande kizima. Ndiyo maana rangi na sura za paa unazoziona zimerudiwa mara kadhaa. Aliyekulia Lamu au Unguja anaijua chokaa hii ya kuchoma na subira inayotaka.

Ximenkou ni kwa ajili ya Huaisheng, msikiti wa barabara ya Guangta. Mnara wake una mita 36, mweupe, mviringo, bila pambo. Haufanani na kitu chochote kilichouzunguka. Ndani yake kuna ngazi mbili zinazozungukana bila kukutana, ya kupanda na ya kushuka. Mtaa huu ulikuwa makazi ya Waarabu na Waajemi waliokuja kwa majahazi na pepo za misimu, zilezile pepo za bahari ya kwetu, na maandishi ya kale yanataja jogoo wa rangi ya dhahabu aliyekuwa kileleni akigeuka na upepo. Msikiti uliungua mwaka 1343 na kujengwa tena 1350. Asiye Mwislamu kwa kawaida huutazama kutoka barabarani, na mnara unaonekana vizuri hapo.

Rudi laini namba 1 hadi Tiyu Xilu, badilisha laini namba 3, ushuke kituo cha Canton Tower. Watu hupanda moja kwa moja Canton Tower, mita 600, kwa zaidi ya yuani 100. Siku ya ukungu huoni kitu huko juu, na siku kama hizo ni nyingi. Mnara wenyewe unaeleweka zaidi ukiwa chini. Nguzo zake 24 za chuma zimenyooka kabisa. Kinachoufanya uonekane umejikunja kiunoni ni kwamba duaradufu ya juu imegeuzwa kwa nyuzi 45 kutoka ile ya chini. Fuata nguzo moja kwa jicho kutoka ardhini hadi juu, utaiona.

Ng'ambo ya mto, Zhujiang Xincheng, kuna mnara wa CTF, mita 530, uliokamilika 2016. Ukiwa mbali ni mweupe kama mnara wowote. Ukiukaribia, mistari yake ya wima ni udongo wa kuchoma uliopakwa glezi, yaani tabaka la kung'aa kama kioo, udugu na zile sanamu za paa la Chen. Mvua huiosha na rangi haifi.

Mambo ya mfukoni: unganisha kadi ya Visa au Mastercard na Alipay, programu ya malipo ya simu ya Kichina, ukiwa bado nyumbani, kwa sababu uthibitisho hutumwa kwenye laini yako ya simu. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayakatwi ada, juu ya hapo ni 3%. Google Maps huweka nukta kando kwa mamia ya mita. Tumia Amap, ramani ya Kichina, na hifadhi picha ya anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina. Wakati wa maonyesho ya biashara ya Canton, kuanzia Aprili 15 na Oktoba 15, vyumba hupanda bei sana. Novemba na Desemba ndiyo miezi mizuri ya kutembea.

Kurudi Xiaobei kutoka Canton Tower ni rahisi: laini namba 3 kituo kimoja hadi Zhujiang Xincheng, kisha laini namba 5, kituo cha sita.