Nilivyofunga kruzi kontroli kwenye Allion kwa pesa ndogo

Kwetu ni Shinyanga, kazi iko Dodoma. Kila likizo mguu wa kulia unakaa juu ya pedali ya mafuta kuanzia Bahi mpaka Tinde, na goti lilishaanza kulalamika. Duka moja la mapambo ya magari lilinitajia bei ya kufunga kruzi kontroli, kifaa kinachoshikilia spidi bila wewe kukanyaga pedali, ya kununua, yenye boksi lake na waya zake. Kwa bei ile ningebadilisha matairi yote manne na chenji ikabaki. Nikaaga.

Wazo lilirudi nilipofungua boneti. Toyota Allion yangu ya 2008 haina ule waya wa chuma unaotoka kwenye pedali kwenda kuvuta mafuta. Pedali inatuma umeme tu kwenye kontroli boksi, na boksi ndilo linaloamua injini ipate hewa kiasi gani, kwa kuzungusha mota ndogo. Spidi boksi linaijua tayari, kuongeza na kupunguza linaweza. Kinachokosekana ni dereva kuwa na pa kuliamuru. Na Toyota nyingi za miaka ile zilitumia swichi ya aina moja, ule mkono mfupi unaochomoza upande wa kulia chini ya usukani. Gari likitoka kiwandani bila mkono huo, mara nyingi programu ya kruzi imo ndani ya boksi, imelala. Mara nyingi, si mara zote, na hapo ndipo watu wanapotupa hela: wanaagiza swichi kwanza, kupima baadaye.

Swichi yenyewe ni kitu chepesi ajabu. Waya mbili na rezista chache, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme kiasi, vinavyopimwa kwa ohm. Kitufe cha kuwasha kinagusanisha waya moja kwa moja; kuweka spidi ni kama ohm 630, kurudia au kuongeza 240, kughairi 1,540. Boksi linasoma tofauti hizo, basi. Kwa hiyo unaweza kuliuliza kabla hujanunua chochote. Nilikaa na fundi umeme wangu, tukatafuta mchoro wa waya wa injini hiyohiyo (wa injini nyingine haufai, usikubali), tukaipata pini yenye herufi CCS. Ufunguo ukiwa ON, akaigusisha na ethi, yaani chuma cha bodi ya gari, kidogo tu. Neno CRUISE, ambalo sikuwahi kuliona tangu ninunue gari, likawaka kwenye dashibodi.

"Bosi, kichwa kinajua kila kitu," akasema, "kimekosa mkono tu."

Nilimzuia asishangilie mpaka tukague swichi ya breki. Hili watu wengi wanaliruka na ndilo la kufa na kupona, maana breki ikikanyagwa kruzi lazima ikatike papo hapo. Yangu ilikuwa na waya nne, aina inayotoa ishara mbili kwenye boksi. Ingekuwa na waya mbili tu, ningetafuta ya waya nne na kuziunganisha kabla ya jambo lolote.

Swichi niliagiza mpya kutoka China, 45,000 pamoja na usafiri. Fundi alichukua 20,000. Kifuniko cha nyuma ya usukani tulikitoboa wenyewe na kukipiga msasa, kwa sababu chenye tundu tayari kinauzwa karibu sawa na swichi. Sehemu ya kuheshimu ni eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea. Tulitoa terminali hasi ya betri tukasubiri zaidi ya sekunde 90 zinazotakiwa, ndipo tukalegeza skrubu za kichwa cha nyota pembeni mwa usukani. Eabegi ililazwa uso ukitazama juu, na multimita haikugusa waya zake za njano hata kidogo. Kebo inayojizungusha nyuma ya usukani, ile ya honi, ilikuwa tayari na njia za kruzi, usukani haukung'olewa.

Kati ya Manyoni na Singida kitu hiki ni raha tupu. Kinanifaa zaidi kwenye vijiji virefu vya 50, pale tochi ya trafiki inapokusubiri na 30,000 yako: naweka spidi, macho yanabaki kwa watoto na mbuzi badala ya mshale, mguu ukiwa tayari juu ya breki bila kuikanyaga. Haifanyi kazi chini ya kama kilomita 40 kwa saa. Kushuka mlima Sekenke naizima, kwani yenyewe haishiki breki na gari linapitiliza spidi niliyoweka. Mvua ikinyesha naizima pia. Chalinze kwenda Morogoro, na yale malori, hata sijisumbui.

Jirani yangu alitaka afungiwe kama yangu. Tukafungua boneti ya gari lake, tukaukuta waya wa chuma. Hilo linahitaji mota ya kuuvuta, na mfuko mwingine kabisa. Nikamwambia anunue matairi.