Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Programu ya Simu kwa Masikio

Saa 2 asubuhi. Nawasha kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini: TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye iPhone. Kwenye iPhone nagusa mara tatu kwa vidole vitatu, kioo kinakuwa cheusi huku simu ikiendelea kusoma. Jicho likibaki wazi hujazia kila pengo, na kasoro hazionekani tena.

Natelezesha kidole kulia, kitu kimoja baada ya kingine. Ikoni ya pipa inasomwa "kitufe" tu, maana haina lebo, yaani jina la kusomwa. Naandika "Futa". Neno "kitufe" haliingii kwenye lebo, kwa sababu kisoma skrini hulitaja chenyewe na msikilizaji angelisikia mara mbili. Kwenye orodha ya risiti kumi, "Futa" kumi mfululizo hazimsaidii mtu; kila moja iwe kamili: "Futa risiti ya Machi". Picha za mapambo nazificha zisisomwe kabisa.

Saa 4. Rangi. Kijivu chenye msimbo #999999 juu ya nyeupe hutoa utofauti wa mwangaza wa 2.85 kwa 1, wakati maandishi ya kawaida yanahitaji angalau 4.5 kwa 1. Kijivu cheusi zaidi, #767676, kinapita kwa 4.54. Wabunifu hupenda kijivu hafifu. Mwenye uoni hafifu hapo haoni kitu.

Saa 6 mchana. Nakuza maandishi hadi asilimia 200. "Thibitisha" inakatwa, inabaki "Thibi", kwa kuwa kitufe kimepewa kimo kisichobadilika na mstari wa pili hauna nafasi. Dawa ni kukipa kimo cha chini tu, dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini za Android), kisha kiachwe kirefuke.

Saa 8. Fomu, na hapa ndipo watu hukwama kweli. Nambari ya simu imekosewa, mstari mwekundu umejitokeza, lakini kisoma skrini kiko kimya. Mtumiaji anagusa "Tuma" mara ya pili, ya tatu, hajui kilichomzuia. Tunahamisha fokasi, yaani mahali kisoma skrini kinaposoma, kwenye sehemu yenye kosa, na ujumbe unataja kinachotakiwa: "Nambari ya simu: weka tarakimu 10". "Si sahihi" peke yake haimwelekezi popote.

Saa 10 jioni. Mtumiaji asiyeona anajaribu toleo jipya. Anapewa kazi, "lipa bili hii", bila maelekezo, na simu haichukuliwi mkononi mwake hata akikwama. Leo amekwama kwenye kisanduku cha uthibitisho: kidole kinapenya hadi vitufe vya ukurasa ulio nyuma yake. Kisanduku hicho kinarudi kwa wahandisi kabla ya toleo kutoka.