Uliyeagana Hayo Nasi

Mafinga, Jumamosi, 10 Januari 2026

Leo asubuhi Mama kasali sala ya matumaini tukiwa tumesimama kwenye matope, miche 200 ya paina imepangwa kwenye viriba pembeni yetu, nami nikacheka. Akanitazama jicho la ukali. Nikamwambia, Mama, nimekumbuka utoto tu.

Sala yenyewe kila Mkatoliki aliyepita mafundisho anaijua: "Mungu wangu, natumaini kwako, nitapewa kwa njia ya Yesu Kristo neema zako duniani na utukufu mbinguni, kwani ndiwe uliyeagana hayo nasi, nawe mwamini." Niliikariri mwaka 2004 nikijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, katekista akitutamkisha neno kwa neno huku meno yanagongana kwa baridi ya Juni. Shida yangu ilikuwa hilo neno kuagana. Kwangu kuagana kulikuwa jambo la stendi: basi la Dar limewasha taa alfajiri, mjomba yuko dirishani, sisi chini tunapunga mikono. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba Mungu alituaga, akapanda gari, akaahidi atatuletea neema akirudi. Na pale "nawe mwamini" nilidhani tunamsifu Mungu kwa kuwa muumini, nikabaki najiuliza yeye anamwamini nani.

Baadaye nilielezwa. Kuagana hapo ni kuwekeana agano, na mwamini ni mwaminifu, asiyegeuka neno lake. Nikaelewa kama mtu anavyoelewa jibu la mtihani.

Mwaka huohuo Baba alipanda paina kwenye nusu ekari yetu. Alinipeleka kuziona, zikiwa hazijafika hata gotini, akasema hiyo ndiyo ada yako ya chuo. Alinipenda, ila hesabu haikuwa upande wake. Paina ya kupasua mbao inataka kama miaka 20. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 2016 kwa ng'ombe wawili na mkopo wa kikoba cha Mama, miti ikiwa na miaka 12, bado haijafikia kuvunwa. Kila nilipopita pale likizo Baba alikuwa akipogoa matawi ya chini au akifyeka njia ya moto, na wala hakuonekana kuona haya kwa ahadi yake iliyochelewa.

Alianza kuumwa katikati ya 2023. Saratani. Tulizunguka hospitali mpaka nikazoea harufu ya korido. Ninachotaka kuandika ni kile nilichokuwa nikifanya usiku, maana sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa nawinda ahadi. Nilifungua Biblia kama mtu anayetafuta risiti, nikikusanya mistari ya kumdai nayo Mungu. Yeremia 29:11 nikaiweka kwenye status ya WhatsApp. Zaburi ya 91 niliiandika kwenye karatasi nikaiweka chini ya mto wa Baba, hasa ule mwisho wake: "Kwa siku nyingi nitamshibisha." Kisha kuna mhubiri mmoja nilikuwa namsikiliza kwenye simu saa nane za usiku, akasema ahadi isiyopandiwa mbegu haioti. Nikatuma shilingi 20,000. Wiki iliyofuata nikatuma nyingine 20,000. Mimi, katibu wa jumuiya, mtoto wa mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, niliyekuwa nikiwacheka wenzangu kwa mambo hayohayo. Hofu haiulizi umebatizwa wapi.

Baba alifariki Machi 2024, katikati ya Kwaresima. Siku mbili kabla, paroko alikuja kumpa Mpako wa Wagonjwa na Komunyo, pamba ya njiani kama wazee wanavyoiita, yaani chakula cha safari ya mwisho. Baba aliitikia "Amina" kwa sauti ambayo hatukuitegemea, mwenye nguvu ya kukohoa tu. Paroko alipoondoka aliomba tusali naye sala za asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. Imani, matumaini, mapendo. Tulipofika "uliyeagana hayo nasi" alinyamaza, akatuangalia mmoja mmoja: Mama, mimi, mdogo wangu, shangazi aliyekuwa mlangoni na beseni. Akaendelea. Na mimi palepale, mtu mzima mwalimu, nikarudi stendi.

Baada ya mazishi nilikuwa na hasira. Misa sikuacha, ila nilikuwa naenda kama mtu anayekwenda kukaa kwa jirani waliyegombana. Ile karatasi ya Zaburi niliikuta ndani ya foronya wakati wa kufua nguo za marehemu. Sikuichana wala sikuisoma. Niliiweka kwenye misale, kitabu changu cha Misa.

Mwaka mzima ukapita. Tarehe 9 Machi 2025, Dominika ya Kwanza ya Kwaresima, kwaya ikaimba wimbo wa katikati, na ulikuwa Zaburi ya 91. Nikatamani kutoka nje. Ndipo ikaja Injili ya Luka: shetani anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, kwa maana imeandikwa, "atakuagizia malaika zake wakulinde." Imeandikwa wapi? Kwenye karatasi yangu. Zaburi ileile iliyoimbwa dakika chache kabla, sasa shetani ndiye anayeisoma. Naye Yesu hasemi kwamba ahadi ile ni ya uongo. Anasema usimjaribu Bwana Mungu wako.

Sikumbuki mahubiri ya siku ile. Nilikaa nikiwaza kwamba mstari ni uleule, ila kuna namna ya kuushika unakuwa sala, na namna nyingine unakuwa kamba ya kumfunga Mungu. Na aliyeomboleza msalabani kwa Zaburi ya 22 ndiye aliyekataa kuitumia ya 91 jangwani. Hilo bado linanishinda kulieleza, lakini siku ile hasira ililegea kidogo.

Nilianza kusoma upya, polepole, si mistari bali sura nzima. Yeremia 29 nilipoianzia juu niliona aibu. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Wa 10 unasema miaka 70. Sabini! Yaani wengi waliosomewa barua ile walizikwa kulekule. Sisi tumeukata mstari wa 11 tukaubandika kwenye vioo vya bajaji.

Ila sura iliyonikamata ni Mwanzo 23, ambayo sijawahi kuiona kwenye kanga wala kwenye kalenda. Abrahamu aliitwa akiwa na miaka 75, akaahidiwa nchi nzima na uzao kama nyota. Isaka alimpata akiwa na miaka 100. Nchi je? Sara anafariki ana miaka 127, na mwenye ahadi ya nchi nzima hana hata mahali pa kumzika mkewe. Anasimama mbele ya Wahiti, anasema "mimi ni mgeni na msafiri kwenu," anainama, wanabembelezana bei kwa maneno ya heshima yaleyale ya wazee wa huku wanapouziana shamba, kila mmoja akijifanya pesa si kitu. Mwisho anampimia Efroni, mwenye shamba, shekeli 400 za fedha. Kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi kilikuwa kaburi, tena la kununua.

Nilifunga Biblia nikatoka nje. Baba kazikwa kwenye kona ya ile nusu ekari. Baba zangu wadogo walitaka azikwe kijijini na wazee wake, na Mama, ambaye hajawahi kubishana na shemeji zake hata kwa jambo dogo, akasema hapana, atalala kwenye miti yake.

Barua kwa Waebrania inasema watu wale wote walikufa katika imani wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali na kuzishangilia. Kuzishangilia! Mimi ningeweka neno jingine pale. Mwaka jana, Mwaka wa Jubilei, kila parokia ilikuwa na bango la Mahujaji wa Matumaini, na Papa Fransisko aliyeufungua Mlango Mtakatifu tarehe 24 Desemba 2024 alifariki Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili. Aliyekuja kuufunga Jumanne hii ni Papa Leo. Jumuiyani mzee mmoja alisema hiyo bahati mbaya. Mimi sikujibu, nilikuwa nafikiria lile kaburi lililonunuliwa kwa Efroni.

Jambo jingine, hili limenijia jumuiyani kwa mazoea tu. Kila tunapomaliza Rozari, baada ya Salamu Malkia, mmoja anasema "Utuombee, Mzazi Mtakatifu wa Mungu," sisi tunaitikia "Tujaliwe ahadi za Kristo." Maisha yangu yote nimeitikia hivyo nikiwa tayari nakunja kanga niinuke. Tujaliwe, si nijaliwe. Na za Kristo, si nilizoziokoteza mimi usiku na kuzipa tarehe. Katekisimu ikieleza fadhila ya matumaini inasema vivyo hivyo: kutegemea ahadi za Kristo, tukiegemea neema ya Roho Mtakatifu na si nguvu zetu. Kristo hakuniahidi kwamba Baba atapona saratani. Alichoahidi kiko Yohane 6: aulaye mwili wake ana uzima wa milele, naye atamfufua siku ya mwisho. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo, na kwa yeye sisi tunasema Amina. Ile Amina ya Baba ya kitandani nimeisikia tena na tena tangu nisome hapo.

Sisemi nimepoa. Kuna siku nampigia Mama simu nakaribia kumuuliza Baba anaendeleaje.

Miti tuliivuna Agosti mwaka jana. Mnunuzi alikuja na watu wa msumeno, na dingdong, mashine ya kupasulia mbao, ikanguruma siku tatu pembeni ya kaburi. Mama alikaa kwenye kigoda akihesabu mbao kana kwamba anahesabu viazi. Pesa ile ililipa deni la matibabu, ikabaki ya ada ya mdogo wangu, mwaka wake wa kwanza chuo. Kwa hiyo ada ya chuo ilitoka kwenye miti kama Baba alivyosema, isipokuwa mtoto si yule aliyemtaja. Nilipomwambia Mama hivyo alisema, "Kwani yeye si mtoto?"

Na sasa anataka kupanda tena. Ana miaka 68. Nilimshauri parachichi, zinazaa baada ya miaka michache, Njombe watu wamejenga kwa parachichi. Akasema parachichi zinataka mtu wa kuzihudumia kila siku, na hapa ni mahali pa paina. Nikafanya hesabu kimoyomoyo, 68 na 20. Nadhani aliona midomo yangu ikicheza.

"Kamwene," jirani akatusalimu akipita na jembe begani. "Mnampandia nani?"

"Tunapanda tu," Mama akasema.

Kesho ni Ubatizo wa Bwana na nina zamu ya somo la kwanza, ilibidi nikalipitie, lakini nimerudi nyumbani mgongo umekatika. Hadi saa nane tulikuwa tumefukia miche 140. Mama alikuwa anatangulia na kamba ya kupimia hatua tatu tatu, mimi nafuata na jembe, na kila anapofika mwisho wa mstari ananisubiri huku akipangusa udongo kwenye rozari aliyoivaa shingoni. Miche 60 imebaki. Upande wa msitu wa Sao Hill mvua ilishaanza kuonekana, pazia la kijivu, bado mbali.