Kitambulisho Chako Kinabaki Wapi Ukishatoka Saiba?

Tangazo la kazi za kaunti likitoka, saiba (maduka ya intaneti na uchapishaji) za Kisumu, Kenya, hujaa. Kila anayeingia ana bahasha ya kaki, na ndani mna kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) na cheti cha maadili mema. Wengi huogopa matapeli wa mtandaoni, na wana sababu. Ila karatasi hizo huanza kuvuja mapema zaidi, palepale kwenye meza ya mhudumu, hata kama mhudumu mwenyewe hana nia mbaya.

Fuata safari ya kitambulisho kimoja. Unakipiga picha, unamtumia mhudumu kwa WhatsApp, anaifungua kwenye kompyuta, anaiunganisha na vyeti vingine kwenye tovuti ya bure ya PDF, kisha anachapisha. Ya kwanza imetoka imepinda, anaitupa na kutoa nyingine. Unalipa, unaondoka. Nakala yako imebaki kwenye simu yake, kwenye folda ya Downloads, kwenye pipa la karatasi, na pengine kwenye tovuti ile ya PDF. Ukiskaniwa papo hapo, ongeza folda ya skana, ambayo huenda isifutwe kwa muda mrefu.

Dawa yake ni kufika saiba na kazi nusu imekwisha. Programu ya Google Drive kwenye simu ya Android ina sehemu ya kuskani: unapiga picha kurasa zote kwa mfuatano na zinakuwa PDF moja, bila tovuti ya mtu. Iweke kwenye flashi, au ifungue kutoka barua pepe yako ukiwa wewe mwenyewe kwenye kibodi. Ukitumia Chrome, anza na Ctrl+Shift+N ili dirisha lisihifadhi nywila wala historia. Lakini dirisha hilo halifuti ulichopakua. Fungua Downloads, chagua faili zako, bonyeza Shift na Delete kwa pamoja. Ukibonyeza Delete peke yake zinakwenda kukaa kwenye Recycle Bin. Toka kwenye eCitizen na iTax (tovuti za huduma za serikali na za kodi) kwa kubonyeza kitufe cha kutoka, usifunge tu dirisha. Karatasi iliyoharibika ichukue, hata kama mhudumu anasema ataitupa. Na kama ulifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya saiba, ukifika nyumbani angalia kwenye simu orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta ya saiba bado imo, iondoe.

Mbona tahadhari yote hii? Kwa sababu jina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, vikikutana mahali pamoja, vinamtosha tapeli kuanza kujifanya wewe: kujaribu kusajili laini, kuomba mkopo wa simu, au kubadilisha laini yako, yaani kuhamishia namba yako kwenye kadi yake, ili afikie pesa. Kwa laini za Safaricom, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha piga *100*100# uzuie laini yako isibadilishwe kupitia wakala. Tungeshauri pia laini ya pili kwa ajili ya kutafuta kazi tu, isiyo na M-Pesa wala benki, pamoja na anwani ya barua pepe ya kazi hiyohiyo.

CV nayo inabeba mzigo usio wake. Namba ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa, majina ya watoto: vifute. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu hali ya ndoa, imani na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wako kuwa taarifa nyeti, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kubagua mwombaji kwa mambo kama dini. Kwenye anwani, "Kakamega" au "Nakuru" inatosha. Mtaa na namba ya nyumba havimsaidii anayechuja maombi. Waombe ruhusa wadhamini wako, yaani watu watakaoulizwa habari zako, kabla ya kuandika namba zao, maana hizo ni taarifa zao, si zako.

Toa taarifa kwa hatua. Kuomba: CV na barua. Kuitwa usaili: vyeti vya kuonyesha, asili urudi nazo. Kupewa barua ya ajira: hapo ndipo PIN ya KRA, namba za NSSF (hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya) na akaunti ya benki zinapohitajika, kwa ajili ya mshahara na makato yake. Baadhi ya nafasi za serikali hutaka nakala tangu mwanzo. Zitoe, lakini hakikisha anwani ya tovuti inaishia na .go.ke. Nywila ya eCitizen, PIN ya M-Pesa na namba ya siri iliyotumwa kwa SMS hazitolewi katika hatua yoyote. Anayeziomba si mwajiri.

Nakala ya kitambulisho ikilazimu, iandike. Kwa kalamu ya wino, mistari miwili ya mshazari ikipita juu ya picha na namba: "Kwa maombi ya kazi ya karani tu", jina la kampuni, tarehe. Namba isomeke, lakini nakala isifae kwingine. Kwenye simu tumia kalamu ya kuchora, na unapotaka kuficha kitu kabisa chagua brashi nzito. Ile ya kuangazia huacha maandishi chini, na mtu akiongeza mwangaza wa picha anayasoma.

Usipopata kazi, una haki ya kuomba ufutiwe taarifa zako. Barua pepe fupi yatosha: "Niliomba nafasi ya karani mwezi Machi. Naomba mfute CV na nakala za vyeti vyangu, na mnijulishe mkishafuta." Hifadhi uliyotuma na jibu lake. Wakikataa au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ukiambatisha barua hiyo. Sheria inaipa ofisi siku 90 kuchunguza na kukamilisha.